Farasi wa Watu Wawili

Nyuma ya nyumba yetu Kitengela, kati ya tangi la maji na ukuta wa jirani, kuna farasi wa mbao ambaye hajawahi kusimama sawasawa. Nasema farasi wa mafundi, ile boriti fupi yenye miguu minne ambayo unalaza ubao juu yake ukitaka kuukata. Wa kwangu anakanyaga chini kwa miguu mitatu. Wa nne umevutwa ndani, unaelea hewani upana wa vidole viwili, na pale unapokutana na boriti umefungwa kwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe uliokauka ukawa mgumu kama kucha. Ukimwekea ubao bila kumjua tabia, anainama upande mmoja na kukuangushia kila kitu kwenye vidole vya miguu.

Mume wangu amejitolea zaidi ya mara moja kumrekebisha. Anasema ni kazi ndogo, apunguze tu ile miguu mitatu ifikie ule mmoja. Nimemwambia siku atakapomgusa atajipikia mwezi mzima, na kwa kuwa anajua ninavyotimiza ahadi za aina hiyo, amemwacha.

Farasi huyo nilimtengeneza mimi. Aliyempinda ni mama mkwe wangu.

Tulimwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, na mimi nikamwita hivyo hivyo tangu siku ya kwanza. Yeye aliniita mgeni. Mimi ni mtoto wa watu wa magharibi, nimelelewa Rongai katika nyumba za kupanga, na mume wangu nilikutana naye kanisani, tukafunga ndoa kanisani, tukapanga vyumba viwili palepale Rongai kama watu wote wanaofanya kazi Nairobi. Baada ya harusi alinipeleka kwao, mbele ya mji wa Kajiado, nikainamisha kichwa, Yeyo akanigusa utosini, akanipa maziwa kwenye kibuyu na kusema, "Karibu, mgeni." Nikaona ni jambo zuri. Mtu akija kwako mara ya kwanza ni mgeni, utamwitaje vinginevyo?

Lakini watoto wetu walizaliwa, wakaota meno, wakayang'oa, na bado nilikuwa mgeni. Tukifika na vifurushi vya sukari na majani chai anasema, "Mgeni amekuja." Nikiosha vyombo anasema, "Mwache mgeni apumzike." Mume wangu alikuwa akicheka na kuniambia ni utani. Mimi nilimuuliza ni utani gani huo usioisha, maana kwetu utani una mwisho wake, mtu akichoka anarudishiwa jina lake. Liliniuma, sifichi. Niliona ni njia yake ya kuniambia kila mara kwamba mimi si wa pale.

Kisha akaanguka. Baba mkwe alikuwa ameshafariki, binti zake wote wameolewa wakahama, na Yeyo alikuwa akiishi peke yake na mbuzi na mchungaji wa kuajiriwa. Alianguka asubuhi karibu na lango la boma, mifugo ikiwa imeshatoka, akalala pale chini mpaka iliporudi jioni. Daktari wa Kajiado alimfunga goti, akatutoa nje mimi na mume wangu, akatuambia wazi: mama huyu akiendelea kuishi peke yake, safari nyingine mtaitwa kuja kuzika. Tukamchukua siku hiyohiyo, tukamleta Kitengela.

Wakati huo tulikuwa tumeshajenga. Nyumba ya mawe, vigae sakafuni, choo cha ndani. Tulimpa chumba chenye dirisha linalotazama upande wa Isinya, ili aone nchi yake hata kwa mbali. Alikaa siku chache, kisha jioni moja nikarudi kutoka shuleni ninakofundisha, nikakuta kitanda kimetandikwa na mtu hayupo. Nilimpata kando ya lami, amekaa juu ya jiwe na fimbo yake, kifurushi kiko miguuni, anangoja gari la kwenda Kajiado. Nikamrudisha. Baada ya wiki nikamrudisha tena kutoka palepale. Yule mama anayeuza mahindi ya kuchoma karibu na hapo akawa ananipigia simu kabla sijamkosa nyumbani.

Mara ya mwisho niliketi naye juu ya jiwe lile, nimechoka, viatu vimejaa vumbi, nikamuuliza ni nini hasa kinachomshinda kwetu. Chakula? Watoto? Mimi?

"Ile nyumba nani alijenga?" akaniuliza.

"Mafundi, Yeyo."

"Na wamekwenda wapi?"

"Sijui. Walimaliza kazi wakaenda."

"Basi hiyo ni nyumba ya watu wamekwenda. Mimi nitalala kwa nyumba ya watu wamekwenda mpaka lini?" Akachora kitu mchangani kwa fimbo. "Na wewe mgeni, umejenga wapi?"

"Mimi sijajenga, Yeyo."

"Eeh," akasema.

Nilichukia. Nilikuwa nimelipa nusu ya kila jiwe la nyumba ile kwa mshahara wa mwalimu, halafu naulizwa nimejenga wapi. Nilimshika mkono tukarudi nyumbani, kila mmoja amevuta mdomo wake.

Mume wangu akasema tutamjengea nyumba yake mwenyewe uwanjani, ndogo, ya kwake peke yake, na kesho angeita fundi. Yeyo alikuwa anakunywa chai. Akasema, "Ukileta fundi, mimi nitaondoka na yeye." Ndipo nikakumbuka jambo ambalo kila mtu wa kwao analijua na mimi nilikuwa nalijua kwa masikio tu: kwao nyumba hujengwa na mwanamke. Mwanamume ana ng'ombe, ana boma, ana maneno mengi, lakini kuta na paa ni za mwanamke, na akikasirika anaweza kumfungia mwenye ng'ombe nje.

"Nitajenga mimi," nikasema.

Mume wangu alicheka mpaka chai ikampalia. Yeyo hakucheka. Alinitazama kwa muda, kisha akaomba chai nyingine.

Kwetu magharibi mwanamke akionekana juu ya paa na nyundo, wazee wanaitana. Lakini nilikuwa na kitu ambacho mume wangu alikuwa amekisahau. Baba yangu alikuwa mtu wa ofisi, karani, Jumatatu mpaka Ijumaa tai shingoni. Jumamosi alikuwa seremala. Katika kiuwanja chetu kidogo cha Rongai, kati ya kamba za nguo za wapangaji wenzetu, alitengeneza stuli, rafu, kitanda changu, na mlango wa choo cha ploti nzima baada ya mwenye nyumba kukataa. Na kabla hajakata chochote, kila tulipohamia nyumba mpya, kitu cha kwanza alichotengeneza kilikuwa farasi. Alikataa kabisa kukatia ubao kwenye ngazi au kwenye kiti cha jikoni. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye ncha ya ubao usirukeruke, na nilikuwa najivunia uzito wangu. Mpaka leo nikinusa mbao ya saiprasi iliyokatwa sasa hivi najiona nimekaa pale, miguu haifiki chini, baba anapiga mluzi na pumba za mbao zinaniingia kwenye soksi.

Basi likizo ya Agosti ilipofika nikaleta mbao za saiprasi, misumari, msumeno na nyundo, nikaanza pale baba alipokuwa akianza.

Nilikata boriti moja ya inchi mbili kwa nne, urefu kama wa mkono na nusu, na miguu minne inayofika chini ya kiuno changu. Siri ya farasi ni miguu kutanuka. Ikisimama wima anaanguka, ikitanuka sana anatelezea nje. Baba alikuwa akiipima kwa jicho, mimi nikapima kwa kubahatisha. Nikapigilia misumari. Mguu wa kwanza ukapasuka pale pale nilipopigilia, kwa sababu mbao ilikuwa mbichi upande mmoja na kavu upande mwingine, na mimi nilikuwa na haraka. Nikapigilia msumari mwingine karibu na ule ufa. Alipokuwa amesimama kwa miguu yote nikamsukuma kidogo, akayumba kama mlevi wa mwisho wa mwezi.

Yeyo alikuwa ameletewa kiti mlangoni. Alitazama kazi nzima bila kusema kitu, na hilo lilinikera kuliko kama angesema.

"Hiyo ni nini?" akauliza mwishowe.

"Farasi, Yeyo. Ni wa kukatia mbao za nyumba."

"Hii farasi yako ni mgonjwa. Hata kwa ng'ombe, ikisimama hivi, hatuiuzi. Tunachinja haraka."

Nikacheka, ingawa sikutaka. Nilimweleza kwamba msumari haushiki kwenye ule ufa. Akaja na fimbo yake, akaupapasa mguu mbovu kama anavyopapasa mguu wa ndama, akamwita mwanawe kwa Kimaasai. Mume wangu akachukua funguo za gari bila kuuliza. Alirudi kutoka machinjioni na kipande cha ngozi mbichi ya ng'ombe kwenye gunia, uso ameukunja, akaapa kwamba gari lake halitanuka vizuri tena.

Nataka niseme jinsi Yeyo alivyoifanya kazi ile, maana sijaona tena mtu akiifanya. Aliketi chini kabisa, goti bovu amelinyosha, akaweka ngozi kwenye karai la maji. Ilipolainika akaanza kuikata kwa kisu kuanzia ukingoni, akizunguka na kuzunguka kuelekea katikati, mpaka kipande kisichozidi sinia kikawa ukanda mmoja mrefu usio na kiungo. Hakupima. Alikuwa anaongea na watoto wakati wote. Kisha akaniambia nishike mguu wa farasi, akauzungushia ukanda huo mara nyingi, chini juu, akivuta kwa meno pale mkono uliposhindwa, na mwishowe akaingiza ncha ndani yake mwenyewe ikapotea.

"Sasa ngoja," akasema. "Ngozi ikikauka, inashika kuliko msumari. Nyumba yangu ya kwanza sikuweka msumari hata moja. Ilikaa mpaka tulihama sisi, si yeye."

Tulingoja. Tatizo la kwanza lilikuwa mbwa. Kila mbwa wa mtaa ule, wa kufugwa na wa kuzurura, alipata habari. Walikusanyika nje ya geti, wakapenya, wakakaa kumzunguka farasi wangu kwa heshima kana kwamba wako ibadani. Jirani mmoja akaniuliza juu ya ukuta kama tumefungua bucha. Yeyo alihamisha kiti chake karibu na farasi na kuwachapa mbwa kwa fimbo, mchana kutwa, akiwatukana kwa lugha mbili. Ni mara ya kwanza nilimwona ana raha Kitengela. Zile siku za ngozi kukauka hakwenda kwenye lami hata mara moja, na mwenye mahindi akanipigia kuuliza kama mama ni mzima.

Upepo wa Agosti ukafanya kazi yake. Ukanda ukabadilika rangi, ukakaza, ufa ukafunga kabisa. Nilipoujaribu mguu ule haukutikisika hata kidogo. Nikamsimamisha farasi sawa ili Yeyo aone, na hapo ndipo tulipogundua kwamba ngozi ilipokuwa inakaza ilikuwa imeuvuta mguu mzima ndani na juu. Ulikuwa mguu wenye nguvu kuliko yote, na haukuwa unagusa chini.

Tulitazamana. Baadaye nilielewa. Maisha yake yote Yeyo alikuwa amefunga miti ambayo miguu yake imezikwa ardhini. Mti wa namna hiyo ngozi ikiuvuta hauendi popote, unakaza tu. Hakuwahi kufunga kitu kinachosimama chenyewe juu ya udongo. Suluhisho lake lilikuwa rahisi, tuchimbe shimo tumzike farasi miguu yote. Nikamwambia farasi ni wa kuhamahama, leo yuko hapa kesho yuko kule.

"Kama sisi," akasema.

"Kama nyinyi."

Akafikiri. Kisha akaenda akaketi juu ya boriti, kwenye ncha ile ya mguu unaoelea, akajipanga shuka, akaweka fimbo mapajani. Farasi akainama kidogo, mguu ukakanyaga, akatulia kimya kabisa. "Kata," akaniambia.

Nikakata. Ndivyo tulivyojenga nyumba ile. Kila ubao uliomo ndani yake ulikatwa Yeyo akiwa ameketi kwenye ncha ya farasi na mimi nikisukuma msumeno upande wa pili, tumeelekeana. Nisingeweza kukata hata kipande kimoja bila yeye. Asubuhi nikichelewa kutoka nilimkuta ameshakaa, kama abiria, ananiuliza kwani walimu huamka saa ngapi.

Watu wawili wakiketi hivyo hawawezi kukaa bila kuongea. Aliniambia jinsi alivyoletwa kwa mumewe akiwa msichana, haijui nyumba wala njia ya maji, na jinsi alivyolala kwa mama mkwe wake kwa miezi akiwa hana kwake. "Ukiwa kwa nyumba ya mama ya bwana, wewe bado ni mtu amekuja," akasema. "Unakula, unalala, lakini uko kama umesimama." Kisha siku moja yule mama akamwita, wakatoka pamoja, akamwonyesha mahali. Bibi harusi anachimba shimo. Mama ya bwana ndiye anayeshika mti wa kwanza wakati udongo unarudishwa. Hivyo ndivyo walivyofanya kwao, na mama yake mkwe alikuwa ameshikiwa vilevile na mama mkwe wake.

Niliisikiliza kama hadithi nzuri. Nilimuuliza habari za mvua zinaingia vipi, za moshi unatoka wapi. Mimi nilikuwa na shabaha moja tu kichwani, nyumba iishe kabla hajachoka, akae, asirudi kwenda kufia langoni peke yake. Nilikuwa najenga mtego wa mapenzi, kama mtu anavyoweka nafaka uwanjani ili kuku asiende kwa jirani.

Siku ya kusimamisha nguzo nilichimba shimo mwenyewe kwenye ule udongo mweusi wa Kitengela, ambao ukiwa mkavu ni jiwe na ukilowa ni gundi. Mume wangu akaja kushika nguzo. Yeyo akamtoa pale kwa fimbo, kweli kabisa, akampiga kwenye vigimbi vya miguu. Akaishika yeye, kwa mikono miwili, goti linatetemeka. Nikamsihi aketi. Nikamwambia daktari amekataza. Hata nikapandisha sauti. Alinitazama tu mpaka nikashika koleo nikaanza kurudisha udongo, na hakuachilia mpaka nilipomaliza kushindilia kwa mguu. Jasho lilikuwa linamtiririka. Nikasema moyoni kwamba kichwa kigumu cha ukoo huu nimekijua kinakotoka.

Nyumba ilikwisha likizo ya Desemba. Kuta za mbao, paa la mabati, mlango mfupi kwa sababu alitaka mtu ainame akiingia. Ukuta mmoja wa ndani aliupaka mwenyewe samadi na majivu. Nilipinga kwa nguvu zote, kisha nikashika karai nikamsaidia, na ninakiri kwamba ikishakauka hainuki kitu ila joto. Akahamia. Hakwenda kwenye lami tena. Aliishi pale miaka, alipona goti kiasi cha kuzozana na wauza maji getini, alifuga kuku, aliwafundisha watoto wangu Kimaasai cha matusi. Jioni nilikuwa nainama kuingia kwake, narekebisha madaftari ya shule kwa mwanga wa taa yake, naye ananimiminia chai kabla hajamimina yake. Ninazikumbuka zile jioni kuliko sikukuu zozote.

Alifariki alipokwenda Kajiado kumwona mjukuu mpya, usingizini, nyumbani kwa binti yake mkubwa. Tukamzika kwao, kando ya mzee wake. Nililia kuliko nilivyomlilia baba yangu, na hilo sikulitarajia.

Baada ya matanga nilimwambia wifi yangu, huyo binti mkubwa ambaye Yeyo alifia kwake, aje Kitengela tupange vitu vya mama. Alikuja asubuhi. Nikamfungulia ule mlango mfupi, akainama, akaingia, akasimama katikati akizungusha macho. Nilimwambia achague anachotaka, vibuyu, mashuka, stuli, na kwamba kuhusu nyumba yenyewe nilikuwa nafikiri tuwaulize ndugu wote, maana ilikuwa nyumba ya Yeyo.

"Nyumba ya nani?" akauliza.

"Ya Yeyo."

Aliniangalia kama nimesema kitu cha kuchekesha mahali pasipofaa. "Hii si nyumba ya Yeyo. Nyumba ya Yeyo iko kule nyumbani. Hii ni yako."

Nikamwambia hapana, tulimjengea yeye, ili akubali kukaa. Akaketi kitandani polepole. "Wewe hukujua? Sisi tulikuwa tunampigia simu kila Jumapili. Tunamwambia, mama, kama Kitengela imekushinda, njoo kwangu. Alikuwa anakataa. Alisema kuna bibi wa mtoto wake ameolewa miaka mingi na hajawahi kushikiwa mti. Alisema ameona haya. Amezeeka, na bibi wa mtoto wake bado ni mgeni."

Nikaegemea ukuta ule alioupaka mwenyewe.

"Ulipomwambia utajenga," wifi akaendelea, "alitupigia sote usiku uleule. Sasa nyumba ilipoisha tukamwambia, haya, umemaliza, rudi. Akasema hapana. Akasema, sasa mimi ndio mgeni kwake, na bado hajanichoka."

Nikaketi karibu naye. Nilianza kutafuta kichwani, nikarudi nyuma jioni kwa jioni, mwaka kwa mwaka, nikitafuta mara ya mwisho Yeyo aliponiita mgeni. Ilikuwa kabla ya ile nguzo. Siku ile aliposimama na goti linatetemeka na mimi nikimgombeza, ndiyo siku lile jina lilipokufa, na miaka yote iliyofuata aliniita "mtoto wangu" kwa lugha yake mbele ya kila mtu. Nilikuwa nimelichukia jina lile kiasi kile, na lilipoondoka sikusikia hata mlango ukifungwa. Wifi alinishika bega, tukalia wote wawili, yeye mama yake, mimi sijui niite nini.

Tulipomaliza kulia tulirudi kwenye kazi. Wifi alitaka rafu ya vibuyu, iliyokuwa ndefu kuliko gari lake. Nikamwambia si neno, tutaikata. Nikaibeba mpaka nyuma, nikailaza juu ya farasi, nikachukua msumeno. Farasi akainama, rafu ikaanza kuteleza.

Wifi akanyoosha mkono kuikamata, akauona ule mguu unaoelea. "Hii kitu yenu imeharibika," akasema.

"Haijaharibika. Inataka watu wawili." Nikamwonyesha ile ncha, mahali ambapo mbao imelainika na kung'aa kwa kukaliwa. "Kaa hapo, mgeni, nikate."

Akanitazama, machozi bado hayajamkauka, akajipanga shuka, akakaa.